Ugonjwa haukomi Desemba: mdogo wangu, sindano za uzito na pesa ya kabla ya kodi

Kila mwaka ukielekea mwisho, waajiri wengi wa Marekani hufungua dirisha la wiki chache ambapo mfanyakazi anachagua bima ya mwaka unaofuata. Likishafungwa, ulichochagua ndicho utakachokaa nacho mpaka mwakani, labda uolewe, ujifungue au ubadilishe kazi. Mdogo wangu anaishi Houston, anafanya kazi maabara ya hospitali. Novemba iliyopita alinipigia video saa tatu usiku kwake, ambayo kwangu hapa Moshi ni saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nawaandaa watoto kwenda shule. "Dada, wewe si ndiye mtu wa mishahara? Nisaidie kusoma hii fomu, inafungwa Ijumaa."

Nimeamua kuyaandika tuliyoyapitia kwa sababu ndugu zetu walioko kule ni wengi, na swali lake nimeshalisikia kwa wengine. Desemba wanaporudi Kilimanjaro huliuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kwa sababu linahusu unene, na unene kwetu ni jambo ambalo kila mtu ana la kusema.

Yake ilikuwa hivi. Daktari wake alimpima, uwiano wa uzito na urefu (BMI) ukasoma 34, ambao ni unene uliopindukia, na presha ilikuwa imeshaanza kupanda ingawa hajafika hata miaka arobaini. Akamwandikia Wegovy, sindano ya kila wiki yenye dawa ya semaglutidi. Bima ikajibu kwamba mpango wa mwajiri wake haulipii dawa za kupunguza uzito. Bei ya kiwandani ya Wegovy ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Mwaka 2025 kampuni inayoitengeneza, Novo Nordisk ya Denmark, ilianza kuwauzia moja kwa moja wanaolipa keshi bila bima: dola 499 mwezi Machi, ikashuka hadi 349 mwezi Novemba. Ndiyo maana alinipigia. Dola 349 kwa mwezi alikuwa anaweza kuzipata kwa kujibana, akasikia kazini kwamba kuna akaunti za afya ambazo pesa yake haikatwi kodi. Je, zinaweza kulipia sindano hii?

Jibu fupi ni ndiyo. Lakini kuna akaunti mbili, na hazifanani hata kidogo.

Anayelipwa mshahara hapa Tanzania ataelewa haraka. Ninapoandaa mishahara, NSSF ya mfanyakazi, ile asilimia 10, naitoa kwenye mshahara ghafi kwanza, kinachobaki ndicho napigia PAYE. Ile pesa ya NSSF haijaguswa na kodi. Wamarekani wameruhusu jambo hilohilo kwa matibabu. Unamwambia mwajiri akate kiasi fulani kila malipo, kiende kwenye akaunti ya afya, na kodi ipigwe kwenye kilichobaki. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo kwa mdogo wangu tulihesabu ya serikali kuu tu. Sehemu ya juu ya mshahara wake inaangukia kwenye asilimia 22, ukijumlisha na asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni, inakuwa 29.65. Kila dola 100 anayopitisha kwenye akaunti hiyo inamwokolea karibu dola 30. Hiyo ni nafuu ya kweli, na haihitaji ujanja wowote.

Ya kwanza inaitwa FSA (Flexible Spending Account), yaani akaunti ya matumizi ya afya kupitia mwajiri. Kikomo chake kwa mwaka 2026 ni dola 3,400. Ina sifa moja nzuri sana: ukishaahidi kuchangia hizo 3,400 kwa mwaka, zote unaweza kuzitumia kuanzia siku ya kwanza ya Januari, hata kama kwenye mshahara wako hazijakatwa bado. Ubaya wake ni kwamba usipozitumia ndani ya mwaka, zinapotea. Mwajiri anaweza kukuruhusu uvuke na kiasi kisichozidi dola 680, au akuongezee miezi miwili na nusu, au asikupe chochote kati ya hivyo. Ukiacha kazi, iliyobaki inabaki kwa mwajiri.

Ya pili ni HSA (Health Savings Account), yaani akaunti ya akiba ya afya, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2003 na kuanza kutumika 2004. Kikomo chake kwa mtu mmoja mwaka 2026 ni dola 4,400. Pesa ni yako. Inavuka mwaka, unahama nayo kazi, unazeeka nayo. Ila huruhusiwi kuichangia mpaka uwe kwenye bima ya aina maalumu, ambayo kwa mwaka 2026 unajilipia mwenyewe angalau dola 1,700 za mwanzo kabla bima haijaanza kubeba gharama. Na huwezi kuwa na FSA ya kawaida na ukachangia HSA kwa wakati mmoja.

Shemeji alitaka FSA, na hoja yake haikuwa dhaifu. Januari dawa inaanza, Januari pesa yote ipo, bima yao ya kawaida inabaki, na ile ya kujilipia 1,700 wanaikwepa. Dola 3,400 zinalipa miezi tisa na kitu ya sindano. Kodi inayookolewa ni kama dola 1,000. Kwa mtu anayeangalia mwaka mmoja, hesabu imekaa vizuri.

Mimi niliwaambia waangalie ugonjwa kwanza, kodi baadaye. Hapo ndipo tulipobishana asubuhi ile mpaka watoto wakachelewa gari la shule.

Semaglutidi haiponyi unene kama antibiotiki inavyoponya nimonia. Kwenye utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, waliotumia dozi kamili pamoja na kubadilisha mlo na mazoezi walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao ndani ya wiki 68. Hizo ni habari njema sana. Lakini baadhi yao walifuatiliwa baada ya kuacha, na ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa hiyo anayeanza sindano hizi ajue anaingia kwenye matibabu ya muda mrefu, kama mtu wa presha. Sasa utatibuje ugonjwa wa miaka kwa pesa inayokufa kila Desemba?

Kuna upande mwingine ambao uliniogopesha zaidi. Dawa hii huanza kwa dozi ndogo ya miligramu 0.25 kwa wiki nne, halafu 0.5, halafu 1, halafu 1.7, mpaka 2.4. Wanaipandisha taratibu kwa sababu ya kichefuchefu, kutapika, kuharisha au choo kigumu. Wengi huvumilia, wengine hushindwa. Mdogo wangu hakuwa amejidunga hata moja. Je, aahidi dola 3,400 kwenye akaunti isiyorudisha pesa, kisha Machi tumbo likatae? Angebaki anatafuta miwani na meno ya kulipia ili pesa isipotee. Kwenye HSA, tumbo likikataa, pesa inakaa palepale ikimsubiri. Kesho ni jino, mwakani ni uzazi, baadaye ni dawa ya uzeeni.

Halafu hesabu yenyewe ikatusaidia. Dola 349 mara miezi 12 ni 4,188. Kikomo cha HSA ni 4,400. Mwaka mzima wa sindano unaingia ndani na chenji inabaki. Kodi anayookoa akijaza akaunti yote ni kama dola 1,300, ambayo ni karibu bei ya miezi minne ya dawa. Lile la kujilipia 1,700 tulilikalisha mezani bila kujidanganya: ni mzigo, hasa kwa mtu wa presha anayehitaji kipimo cha damu na kumwona daktari mara kwa mara. Lakini makato ya mwezi ya bima hiyo yalikuwa madogo kuliko ya ile ya kawaida, tukaona tofauti hiyo ikiwekwa pembeni italipa sehemu nzuri ya mzigo. Mwenye ugonjwa mkubwa unaomlaza hospitali kila baada ya muda ningemshauri tofauti kabisa, abaki na bima inayobeba mapema. Mdogo wangu hayuko huko, namshukuru Mungu.

Ijumaa akachagua HSA.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wengi hawalipatii uzito unaostahili: akaunti hizi hazilipii kupungua, zinalipia kutibu ugonjwa. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo ni kama TRA yao, ilitamka mwaka 2002 kwamba unene uliopindukia ni ugonjwa unaojitegemea, na gharama za kuutibu zinahesabika kuwa za matibabu pale daktari anapokuwa ameubaini. Anayetaka kupungua ili apendeze kwenye harusi, au kwa afya njema tu kwa ujumla, hayumo. Ada ya jimu haimo. Chakula cha kupunguzia uzito kinachochukua nafasi ya mlo wako wa kawaida hakimo. Wegovy yenyewe imeidhinishwa kwa mtu mzima mwenye uwiano wa 30 na kuendelea, au 27 kama ana tatizo linaloambatana na uzito, mfano presha au sukari. Kwa hiyo cheti cha dawa peke yake nisingekitegemea. Nilimwambia amwombe daktari wake barua: ugonjwa ni huu, dawa ni hii, inahitajika kwa muda huu. Kwenye faili lake kuna namba ya ugonjwa inayoanza na E66, ambayo kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ndiyo ya unene. Akapata barua ya ukurasa mmoja, ikiwa na saini na tarehe.

Tarehe niliisisitiza. Alitaka aanze sindano Novemba hiyohiyo, halafu akaunti ikifunguliwa Januari ajirudishie. Hairuhusiwi. HSA inalipia gharama zilizotokea baada ya akaunti kuwepo, kamwe si za kabla yake. Akasubiri.

Katikati ya kusubiri, simu yake ikaanza kumletea matangazo. Kuna kampuni ikamwahidi barua ya daktari ndani ya dakika chache kwa kujaza maswali tu, ili HSA yake ilipie unga wa shake na vyakula vya boksi. Nilimkataza kwa nguvu zote. Machi 2024 IRS ilitoa onyo kuhusu mtindo huo hasa: barua inayotokana na maelezo uliyojaza mwenyewe haigeuzi chakula kuwa matibabu. Ukitumia pesa ya HSA kwa kisicho matibabu kabla hujafika miaka 65, unalipa kodi ya mapato juu yake na faini ya asilimia 20. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya pesa hiyo kwa ajili ya unga wa kuchanganya na maziwa.

Desemba alikuja nyumbani. Tulipanda Kibosho kwa Mama, kama kila mtu wa mlimani anavyofanya Krismasi, barabara zimejaa magari ya namba za Dar. Mama alimkumbatia, akamgeuza, akamwambia amependeza, amejaa. Baadaye aliposikia habari za sindano akanyamaza, kisha akasema kwamba hizo ni pesa za kutupa, mtu ale kidogo na atembee. Tulikuwa jikoni, Mama anamenya ndizi za mtori, maji ya ndizi yameshamtia weusi vidole. Mdogo wangu hakugombana naye. Alinyoosha mkono kwenye rafu, juu ya debe la unga, akashusha karatasi ya vidonge vya amlodipini vya Mama, vinne vimeshatolewa.

"Mama, hivi unameza kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Presha yako ilishuka?"

"Ilishuka."

"Mbona hujaacha?"

"Nikiacha si itapanda, mwanangu."

"Na yangu ndiyo hivyo hivyo."

Mama aliendelea kumenya. Hakusema amekubali, lakini usiku ule alimpakulia mtori kiasi alichoomba mwenyewe, bila kumwongezea kijiko cha pili kwa nguvu. Wanaomjua Mama wataelewa hiyo ni hatua kubwa. Mimi nilikaa nikifikiria kwamba hakuna aliyewahi kumwita Mama mvivu kwa sababu anameza dawa ya presha. Nimewasikia watu wengi, tena wasomi, wakimwita mdogo wangu hivyo. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutidi na dawa za kundi lake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa sukari ya aina ya pili ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo, pamoja na unene uliopindukia. Huo ni ugonjwa unaozungumzwa na madaktari wakubwa wa dunia. Sisi nyumbani tunaweza kuuheshimu kidogo.

Siku za kukaribia kuondoka, rafiki yake wa shule akamshauri atafute sindano huku Afrika Mashariki kwa bei nafuu, abebe za miezi kadhaa. Nilikwenda kusoma mwongozo wa IRS wa gharama za matibabu, ule wa namba 502, na uko wazi. Dawa ya cheti uliyoinunua na kuitumia nje ya Marekani inakubalika kama ni halali kule ulikoinunua na Marekani pia. Dawa uliyoibeba au kuagiza kutoka nchi nyingine kwenda Marekani, kwa kawaida haikubaliki. Yaani angedunga hapa Moshi, sawa. Angeweka kwenye begi apande nayo ndege KIA, HSA isingeigusa. Na hata pesa isingekuwa tatizo, nisingemruhusu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia, zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani kwenyewe. Hii ni dawa ya kukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Huwezi kujua ya mkononi imelala wapi.

Januari alianza. Mshahara wake unalipwa kila wiki mbili, kwa hiyo 4,400 ukigawa kwa malipo 26 ni dola 169.23, na alinitumia picha ya salari slipi ya kwanza. Niliifungua ofisini kabla hata sijaketi. Mstari wa HSA uko juu, kabla ya mistari ya kodi, mahali palepale ninapoweka NSSF. Nilifurahi kuuona pale kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwanzoni pesa ndani ya akaunti haikutosha boksi la kwanza, maana HSA haina ile ya kukutangulizia kama FSA. Hilo tulilijua. Alilipa kwa kadi yake ya kawaida, akatunza risiti, na akaunti ilipojaa akajirudishia. Sheria haijaweka mwisho wa kujirudishia, mradi gharama ilitokea baada ya akaunti kufunguliwa na hujairudishiwa kwingine. Kwa hiyo risiti ndiyo kila kitu. Si ile karatasi ya benki inayoonyesha umelipa duka fulani la dawa. Ni risiti yenye jina la mgonjwa, jina la dawa, namba ya cheti, tarehe na kiasi. Nimemfanya apige picha kila moja siku hiyohiyo na kuitia kwenye folda moja pamoja na barua ya daktari, na nakala ninayo mimi. Wakati wa ritani ya mwaka atajaza fomu namba 8889, na akiulizwa chochote atakuwa na majibu.

Kichefuchefu alikipata, hasa dozi ilipopanda. Anakula kidogo, ameacha chipsi za usiku baada ya zamu, anatembea na shemeji jioni. Presha daktari anaifuatilia. Kilo zake sitaziandika hapa, ni zake.

Kuna swali moja aliniuliza ambalo jibu lake liliniuma. "Dada, kama inalipia dawa zangu, kwa nini isilipie na za Mama?" HSA inaweza kulipia dawa za mume, za watoto, na za anayekutegemea kwa mujibu wa sheria yao ya kodi. Mzazi anaweza kuwamo. Lakini ili ahesabike lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama yuko Kibosho. Hata kama anakula, anavaa na anatibiwa kwa pesa ya Houston, kwa IRS hayupo. Kwa hiyo amlodipini ya Mama inaendelea kulipwa kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi yote, inayotumwa kwa simu mwanzoni mwa mwezi, na mimi ndiye ninayeitoa kwa wakala na kupita duka la dawa. Tumekubaliana kwamba kiasi ambacho HSA inamwokolea, sehemu yake ataipeleka huko, ili Mama aanze kupimwa figo na sukari mara kwa mara badala ya presha peke yake. Kipimo cha kwanza kimeshafanyika, na majibu tunayafuata wiki ijayo.